Kitabu Tulichokikata kwa Wembe

Nilitoka Mwanza na nusu ya kitabu ndani ya mkoba, nimeifunga kwa kitenge kama mtu anayesafirisha mayai, na njia nzima sikuiweka chini. Konda wa basi alitaka kuutupia mkoba juu pamoja na mizigo mingine, nikamwambia huu unakaa mapajani pangu, akanitazama, akaniacha. Nilikuwa nimeamua. Neema, binti wa rafiki yangu Espérance, alikuwa amenipigia simu kuniambia hali ya mama yake si nzuri, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, nikaona sasa basi: naenda kumrudishia mkononi kitu chake na kumwambia kwa mdomo wangu nilichomfanyia. Nilifika Rubavu, Rwanda, mji ambao sisi wa zamani bado tunauita Gisenyi, siku moja baada ya maziko. Turubai lilikuwa bado uani, viti vya kukodi vimeegemezwa ukutani, na wanawake walikuwa wakiosha masufuria huku wakiongea kwa sauti ya chini. Nilikaa kwenye kiti kimoja na mkoba wangu mapajani. Nimechelewa siku moja, nikajiambia. Halafu nikajisuta mwenyewe, maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimechelewa tangu mwaka wa tisini na tisa.

Mwaka ule mimi na Espérance tulikuwa wapiga chapa katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha, karibu na mpaka wa Goma, mji wa upande wa Kongo. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama barabara, meza mbili zilizogusana, na taipureta mbili zilizotazamana, kiasi kwamba nikiinua macho namwona Espe, naye akiinua macho ananiona mimi. Kulikuwa na harufu ya karatasi za kaboni na ya samaki wa sambaza, kwa sababu akina mama waliovuka kwenda kuuza Goma walipumzisha mabeseni yao chini ya dirisha letu. Sisi wawili tulisoma kwa Kifaransa, tukaandika kwa Kifaransa, na tukajisifu kwa Kifaransa. Kiingereza tulikijua cha kusalimia tu. Kisha ofisi ikanunuliwa na mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa mvua. Tulimwita Bosi na hatukumwita kingine. Siku ya kwanza alileta kompyuta, akaiweka kwenye meza ya tatu, akaifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Mwezi Machi alisimama mlangoni, akatuambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi si mutu ya maneno mingi. Mizigo inatoka Mombasa, inapita Kampala, na barua zote ni Kiingereza. Mashine ni moja, karani atakuwa mmoja. Desemba nawapa barua ya kuandika. Mwenye ataandika barua naweza kutuma bila kugusa, huyo anabaki." Akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Kwangu mimi kuondoka ofisini maana yake ilikuwa kurudi Kanzenze kulima viazi, na mwaka uliotangulia Kanzenze ilikuwa mahali ambapo watu walilala na nguo zao za kutembelea, tayari kukimbia risasi usiku. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshatoka huko mara moja, nikapokelewa na shangazi yangu Venansia pale Mbugangari, nikapewa kitanda na sahani yangu mwenyewe, na niliapa kwamba sirudi. Espe alikuwa na yake: mume wake alikuwa Goma na mguu mbovu, na Neema alikuwa bado mgongoni. Lakini yeye hakuogopa kama mimi. Jioni ile tulipofunga ofisi alinishika mkono, akasema, "Conso, sikiya. Tukijua wote wawili, Bosi atafukuza nani? Atanunua mashine ingine, basi." Nilimwambia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilisema: mashine ni moja, mama, hukusikia?

Kujifunza kulihitaji kitu cha kujifunzia, na hapo ndipo tulipokiona cha mtema kuni. Siku hizi binti yangu akikwama neno anabonyeza simu, na mimi humtazama nikikumbuka jinsi tulivyolitafuta neno moja kwa wiki nzima. Duka la vitabu mjini liliuza madaftari na picha za watakatifu. Redio ilikuwa na masomo ya Kiingereza asubuhi, lakini betri zilikuwa zikiisha katikati ya mazungumzo, tukabaki hatujui yule bwana na yule bibi wa redioni waliishia kununua tiketi au la. Parokiani kulikuwa na kamusi kubwa, ya kweli, yenye uzito wa tofali. Padri aliruhusu tuitazame Jumamosi mchana, tukiwa tumesimama, kwa sababu alisema watu wakikaa hawaondoki. Tulikwenda na orodha zetu. Espe alisoma, mimi nikaandika, mpaka miguu ikafa ganzi. Kamusi ilitupa maneno, mamia kwa mamia, lakini haikutuambia lipi linamfuata lipi. Tulirudi nyumbani na magunia ya matofali bila fundi.

Kitabu tulikipata Goma, kwa mwuza karanga. Kila Alhamisi mmoja wetu alivuka kupeleka nyaraka kwa mteja, na Alhamisi moja ya Mei, siku ambayo Bosi alitutuma wote wawili, Espe alinunua karanga sokoni, akamwaga zote kiganjani, akanyoosha ile karatasi iliyokunjwa kama pia, akapiga kelele, "Yesu wee!" Ilikuwa ukurasa wa sarufi ya Kiingereza iliyoelezwa kwa Kifaransa. Sentensi huku, maelezo huku, na mazoezi chini. Tulimrudia yule mama mbio. Kitabu kilikuwa chini ya beseni lake, hakina jalada, hakina mwanzo, na mkono wake ulikuwa ukichana ukurasa mwingine huku tunatazama. "Mama, simamisha!" Espe akalia. "Iyo karatasi iko bei gani?" Mama akashangaa. "Karatasi? Mi nauzisha karanga." Tulinunua kitabu kilichobaki. Kisha Espe akatazama zile pia za karanga zilizopangwa kwenye ungo, akahesabu kwa kidole, akasema, "Na zile zote." Yule mama alidhani tuna harusi. Tulivuka mpaka na karanga za kulisha mtaa, na wiki nzima nyumbani kwa shangazi tulikula karanga kwenye sombe, kisamvu cha kwetu, karanga kwenye uji, karanga na chai, na kila tulipomaliza pia moja tuliinyoosha, tukaipasha kwa pasi ya mkaa, tukairudisha mahali pake kwa kufuata namba za kurasa. Shangazi alitutazama akitikisa kichwa. "Yoo! Watu wanasoma hata mafuta," akasema, maana karatasi zilikuwa zimelowa mafuta kiasi kwamba ukizishika kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Kitabu kimoja, watu wawili, nyumba mbili. Espe ndiye aliyetoa wazo la wembe. Pale mpakani watu hugawana kila kitu: gunia la sukari linagawanywa mara tano ili livuke kwa vichwa vitano, kitenge kinakatwa, sabuni inakatwa kwa uzi. Tulikikata mgongoni, ukurasa wa mia na ishirini. Nusu ya kwanza ilikuwa na nyakati na vitenzi. Nusu ya pili ilikuwa na mambo ya mtindo: namna ya kuunganisha sentensi, namna ya kupunguza maneno, na mwishoni mifano ya barua, za kuagiza, za kudai, za kushukuru, hata ya kuomba radhi. Kila nusu tuliishona kwa uzi wa gunia. Tulikubaliana kubadilishana kila Jumamosi baada ya kamusi ya Padri, na miezi mitatu tulibadilishana bila kukosa. Ilikuwa miezi mizuri, nakiri. Tulisaidiana mazoezi kwa sauti jikoni kwa shangazi, moshi ukitutoa machozi, chai ya maziwa ikichemka. Tulizozana kwa Kiingereza kibovu mpaka shangazi akauliza kama tunagombana. "Hapana, Tantine," Espe akamjibu, "tunaongea njo ile ya Bosi." Shangazi akasema basi Bosi ana kazi.

Espe alikuwa na kitu kingine ambacho mimi nilikidharau. Kabati la ofisi lilikuwa limejaa majalada ya nakala, barua zote ambazo Bosi aliandikiana na watu wa Mombasa na Kampala tangu aanze biashara. Yeye alikaa nazo saa ya chakula, mhogo mkono mmoja, akizisoma kama mtu anayesoma habari za ndugu zake. Alikata maboksi ya sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, na juu ya kila kipande aliandika sentensi moja ya Kiingereza iliyompendeza, nyuma yake Kifaransa, na pembeni namba ndogo. Vipande hivyo alivipanga kwenye boksi la maziwa ya unga. Nilimuuliza namba ni za nini. "Ni ya jalada," akasema. "Nikipoteza maana, narudia kule sentensi ilizaliwa." Nilimcheka. Nilimwambia hizo ni barua za watu wa saruji na mabati, wanaandika kwa haraka, hawana adabu hata ya salamu. Kitabu, nikamwambia, kitabu ndicho kina Kiingereza chenyewe. Akatabasamu, akaendelea kukata.

Mwezi Septemba nilipatwa na hofu. Sijui jina lingine. Siku moja nilipita karibu na chumba cha Bosi, mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia anamwambia mgeni wake kwa Kinyarwanda kwamba yule mwenye mtoto anaelewa haraka kuliko mwenzake. Mwenzake ndiye mimi. Nilirudi mezani, nikakaa mbele ya Espe, nikamwona amefumba macho akitembeza midomo, anakariri, na nikamchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimchukia dakika tano tu, lakini dakika hizo zilitosha. Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu kumpa nusu ya pili, ile ya barua. Nilikwenda mikono mitupu. Nilimwambia kwamba Alhamisi, nikivuka kutoka Goma, askari walipekua watu wote wenye makaratasi, wakaona kitabu chenye Kiingereza na Kifaransa na maandishi ya mkono pembeni, wakakichukua. Ulikuwa uongo uliovaa vizuri, kwa sababu wiki hiyo kweli walikuwa wanapekua makaratasi, na kila mtu mjini alilijua hilo. Espe alinitazama. Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Wamekufanya kitu we?" Nikasema hapana. "Bon. Kama we uko muzima, kitabu tutatafuta ingine." Halafu, Mungu anisamehe, akanipa nusu ya kwanza, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kuipata. Nilikataa. Angalau hiyo nilikataa. Nilimwambia abaki nayo, mimi nimeshaikariri.

Nusu ya pili niliificha katika debe la maharagwe. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaichimbia chini kiasi cha kiganja, na kila alfajiri kabla shangazi hajaamka niliitoa, nikasoma kando ya dirisha mpaka jogoo wa jirani amalize kelele zake, nikairudisha. Nilijiona mjanja sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimepita shule, nimepita vita, na sikufikiri hata mara moja kwamba nyumba ile ilipika maharagwe kila siku ya Mungu.

Nilisoma kwa nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Barua zote za mwisho wa kitabu nilizikariri, neno kwa neno, na nilizipenda, maana zilikuwa zimevaa suti: nina heshima kubwa ya kukujulisha, ninathubutu kukuomba kwa unyenyekevu, tafadhali pokea, Bwana, uthibitisho wa hisia zangu za juu kabisa. Nilizinong'ona nikifua, nikitembea, nikisubiri foleni mpakani. Alhamisi zote sasa zilikuwa zangu, kwa kuwa Espe aliomba asivuke, mtoto anakohoa. Na kila Alhamisi nikirudi, shangazi aliniambia, "Espérance alipita kusalimia. Alikunywa chai." Niliona ni tabia njema. Mara moja nilirudi mapema, nikasikia kutoka uani wanacheka jikoni, kicheko kile cha wanawake wawili wanaojua kitu. Nilisimama. Shangazi alikuwa akisema, "Huyu mtoto wangu ana kichwa kigumu, lakini si mbaya." Espe akajibu, "Najua, Tantine. Angekuwa mubaya ningeshachoka naye." Niliingia. Espe alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharagwe, na shangazi alikuwa amesimama kati yangu na debe, mwili wote. Nikatazama: debe lina kifuniko, kila kitu mahali pake. Neema alikuwa chini anatafuna mchi. "Karibu nyumbani, Conso," Espe akasema. "Umechoka? Kaa." Nikakaa, nikamshukuru Mungu kwa bahati yangu. Nilidhani walikuwa wanamzungumzia binamu yangu wa Nyamyumba.

Desemba Bosi alitimiza neno. Asubuhi moja alitupa kila mmoja karatasi mbili na maelezo yale yale: mzigo wa mabati wa mteja umekwama njiani kwa sababu cheti kimoja hakijafika kutoka kwa mtumaji wa mzigo aliye Mombasa, mwandikieni akilete. Taipureta zilianza pamoja, na leo hii nikifumba macho naweza kusikia yake ikinyamaza. Ilinyamaza mapema mno. Espe alitoa karatasi, akaisoma mara moja, akaiweka chini, akatazama nje dirishani kwenye mabeseni ya sambaza. Mimi niliendelea. Nilijaza ukurasa, nikageuza, nikajaza nusu nyingine. Nilimwonea huruma, naapa, nilidhani ameshindwa. Bosi alisoma yangu kwanza, amesimama. Alipofika katikati midomo yake ilianza kucheza, na mwisho akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyekutana na babu yake njiani. "Consolata," akasema, "hii barua ni ya kupeleka kwa Malkia. Huyu mutu ya Mombasa atasoma mpaka jioni, bado hajui mimi nataka nini." Akachukua ya Espe. Mistari mitano. Mzigo upi, uko wapi, kinakosekana nini, kinatakiwa lini, asante. Lakini haikuwa barua ya watu wa mabati tupu, hapana. Ilikuwa na salamu yake, ilikuwa na upole mahali pa upole, sentensi zilishikana mikono. Hata mimi niliona. Bosi alitoa kalamu mfukoni, akatia sahihi, akaikunja ndani ya bahasha.

Espe alimfuata ofisini kwake. Nilisikia sauti yake kupitia ukuta, anaomba tubaki wote wawili, anasema atanifundisha mashine mwenyewe. Nilisikia Bosi akisema hapana, mara mbili. Alirudi macho mekundu, akafungua droo, akatoa boksi lake la maziwa ya unga, lile la vipande vya katoni, limejaa mpaka kifuniko hakifungi. "Chukua, Conso. Mi naona yote iko mu kichwa. Tafuta kazi ingine na hii." Na mimi, ambaye nilikuwa na nusu ya kitabu chake nyumbani chini ya maharagwe, nilisimama nikamwambia sihitaji maboksi ya sabuni. Kwa sauti. Akina mama wa sambaza waliinua vichwa. Ndilo jambo la mwisho nililomwambia ana kwa ana katika chumba kile.

Sikurudi Kanzenze. Hasira iliyonitoa pale ofisini ilinibeba mbali kuliko nilivyotarajia. Kesho yake nilikwenda dukani nikaomba katoni za sabuni, nikazikata ukubwa wa kiganja, nikaanza kukusanya: tangazo lililobandikwa ukutani, maelezo ya dawa, barua iliyotupwa nje ya shirika moja la wageni, chochote kilichoandikwa na mtu aliyekuwa anataka jambo kweli. Kitabu nilikiweka upande mmoja, vipande upande mwingine, na hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kuniingia, kwa njia ya Espe, si yangu. Kwa hiyo nilimwibia mara mbili. Mwezi wa nne nilipata kazi ya kutafsiri, kazi ikanipeleka Tanzania, nikaolewa Mwanza, na leo nina darasa la watu wazima wanaojifunza kuandika barua za kazi. Siku ya kwanza nawagawia mkasi na maboksi. Wananiita Mwalimu wa Katoni, wanadhani sijui. Mimi na Espe tuliandikiana kila mwisho wa mwaka, kwa Kiingereza, kwa mzaha uliogeuka desturi, na barua zake hazikupita mistari mitano. Kila mwaka nilikaa na kalamu nikisema mwaka huu namwambia. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo yote, yako ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Nikaandika habari za watoto na mvua.

Basi nilikaa pale uani kwake mpaka wageni wakapungua. Neema alikuja akaketi karibu nami, mwanamke mzima sasa, paji la uso la mama yake. Alikuwa amebeba boksi. Maandishi ya maziwa ya unga yamefutika, limefungwa kwa mpira. "Tantine, mama alisema hii ni yako. Alisema ulisahau kuichukua." Juu ya vipande kulikuwa na nusu ya kwanza ya kitabu, bado na uzi wetu wa gunia. Nilifungua kitenge changu, nikaweka nusu ya pili kando yake. Mafuta ya karanga yaliendelea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, doa moja, kana kwamba kitabu hakikukatwa. Nikaanza kuvitoa vipande kimoja kimoja, ili mikono iwe na la kufanya. Sentensi za mabati, za saruji, namba za majalada pembeni. Kisha nikafika mahali ambapo namba zilibadilika. Mia na thelathini na tano. Mia na arobaini na mbili. Mia na tisini. Nikasimamisha mkono. Nilichukua nusu ya pili, nusu yangu, ile waliyonyang'anya askari, nikafungua ukurasa wa mia na arobaini na mbili. Sentensi ile ile. Nikafungua mia na tisini. Ile ile. Kulikuwa na vipande zaidi ya thelathini vya namna hiyo, na vyote vilitoka sehemu ambayo Espe aliishika zamu chache tu, na mifano ya barua, ambayo zamu zake hazikuwahi kuifikia, ilikuwemo yote. Mia mbili na kumi na moja ilikuwemo.

Nilimwambia Neema. Sikutafuta maneno. Nilimwambia askari hawakuwahi kuchukua kitabu, nilikificha mimi, nilimdanganya mama yako ili nimshinde, na sikumwambia mpaka amekufa. Neema alinitazama, akaweka mkono mdomoni, na nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko, msibani. "Tantine," akasema, "we ulifikiri hatujue? Mama alikuta shangazi yako anapima maharagwe, kitabu ikatoka pamoja na kikombe. Kila Alhamisi alienda kukopi, anarudisha mbele ufike. Shangazi yako alikuwa anachungaka mulango." Nikamuuliza kwa nini hakunisema, hata siku ile nilipomkataa mbele ya watu. Neema akainua mabega. "Alisema uliogopa Kanzenze. Basi." Kisha akageuka kuelekea jikoni, kwa sababu mdogo wake alikuwa ametokea mlangoni akilalamika kwamba haoni ufunguo wa stoo, ametafuta kila mahali. Na kutoka ndani, sauti tatu za watoto wa Espérance na wajukuu wake zilijibu pamoja, kama watu waliozoea kujibu hivyo katika nyumba ile tangu mimi nilipokuwa kijana:

"Angalia mu maharagwe!"